Faini ya Mtani

Mwanakheri alipomwona mumewe anatolewa chumba cha upasuaji, aliita "Subhanallah!" akakaa sakafuni. Miguu ya Saburi ilikuwa imeshonwa pamoja, wa kushoto juu ya wa kulia, ikafungwa plasta kama mzigo wa kuni.

"Usiogope, mama," daktari akamwambia. "Jembe la trekta lilikula nyama ya muundi, mfupa ukabaki wazi. Tumebandua ngozi na mafuta yake kwenye shavu la mguu wa pili ulio mzima, tukaifunika pale. Upande mmoja bado umeshika kwake, ili damu ipite. Kipande kikiota, tutaitenganisha miguu. Lakini miguu ikivutana kikachanika, huu mguu tutaukata."

Basi Mwanakheri akaweka makao kando ya kitanda hapo hospitali ya Kibaha, tasbihi mkononi, macho miguuni. Nzi akitua, anamfukuza. Saburi akikohoa, anamshikilia magoti. Lakini homa hakuiogopa kama alivyomwogopa Silvanus.

Silvanus alikuwa Mnyamwezi, jirani yao katika kijiji cha ujamaa kule Kisarawe, kwa hiyo mtani wa kila Mzaramo mwenye pumzi, Saburi akiwemo. Na mtani haendi kwa mgonjwa kutoa pole; huenda kumchekesha.

Akatokea Jumapili, ametoka misani, jembe begani. Mlangoni tu akaanza kulia kwa sauti.

"Jamani, nimeibiwa! Mtumwa wangu huyu nilimnunua na miguu miwili, leo nakuta mmoja!"

Muuguzi, mzaliwa wa mbali na pwani, akamshika mkono. "We mzee, toka! Huna huruma?"

"Mwache, dada," Saburi akasema, tayari anacheka. "Ni mtani wangu."

Silvanus akakipima kitanda kwa mpini wa jembe. "Kaburi lake jembamba, nitamaliza kabla ya jua kali. Ila nieleze, Mzaramo: ngoma ikilia utaruka kama chura, au utaviringika kama pipa?"

Saburi akacheka mpaka kitanda kikalia. Plasta ikagonga chuma. Mwanakheri akaona damu inachungulia kwenye bandeji.

Kumkasirikia mtani ni aibu ya ukoo. Lakini mtani aliyeharibu hutozwa, wala hana ruhusa ya kukataa. Mwanakheri akamvua Silvanus kofia.

"Umeharibu. Toa faini."

"Kuku?"

"Kimya. Shika miguu hii isicheze mpaka daktari arudi kutoka Visiga, na neno lisikutoke."

Silvanus akatazama huku na huku, hakuona wa kumtetea. Akakaa, akaikumbatia miguu ya Mzaramo kama mtoto wa kwanza. Kumbe balaa ndiyo kwanza linaanza: Saburi alipomwona msemaji yule amefumba mdomo, mashavu yamevimba, mabega yakaanza kumtikisika upya.

"Baba Zubeda, utakatwa mguu!"

"Mama Zubeda, mwondoe huyo uso!"

Mwanakheri akamfunika Silvanus kanga kichwa kizima. Kisha akasali.

Daktari akaja alasiri, akaitazama kanga. "Mgonjwa ni yupi?"

Akafungua bandeji, akabonyeza kipande kwa kidole, akaachia, akangoja. Tasbihi ikasimama vidoleni mwa Mwanakheri.

"Uzi mmoja umekatika, nitaurudisha. Kipande kina joto. Ki hai."

"Alhamdulillahi!"

Chini ya kanga, mkono mmoja ukanyooshwa juu, kama wa mwanafunzi anayeomba kusema.

"Shusha mkono, mtani," Mwanakheri akasema. "Miguu haijatenganishwa."