Kiu ya Mke wa Fundi Bomba

Fundi bomba alikuwa na kanuni moja kazini: ukiingia nyumba inayovuja, funga koki kuu kwanza, maswali baadaye. Kanuni hiyo ilimlisha miaka arobaini. Kanuni hiyo hiyo nusura imuue mkewe.

Mkewe aliteleza kwenye ngazi, akagonga kisogo. Jeraha likapona, lakini akashikwa na kiu isiyozimika. Alikunywa ndoo nzima ya maji kwa siku, na yote yakatoka vilevile, meupe kama ya bombani. Akapimwa sukari, hana. Fundi akaamua kwamba kunywa kwingi ndiko kunakoleta mkojo mwingi. Akafunga koki, ufunguo wa tangi akautia mfukoni, akawa anampimia mkewe vikombe vitatu. Siku ya pili mama wa watu alianza kuzungumza na ukuta. Akakimbizwa hospitali, akatundikiwa dripu.

Sasa alikuwa amepata nafuu, na leo ilikuwa siku ya kipimo: anyimwe maji, ionekane kama figo zitayashika yaliyomo mwilini. Tangu asubuhi hakunywa hata tone. Kila saa muuguzi alimpima uzito, akapima na mkojo wake.

"Sista," fundi alisema, "mimi nilipofunga maji mlinigombeza. Leo mnafunga nyinyi?"

"Wewe baba ulifunga ukaenda zako. Sisi tuko naye hapa, uzito ukishuka sana tunaacha. Hebu niambie, kwenye tangi ni nini kinachojua maji yamefika wapi?"

"Boya."

"Basi na kichwani kuna boya lake. Maji yakipungua mwilini, ubongo unatuma homoni kwenye damu, inaziambia figo: hayo msiyamwage, yarudisheni. Maji yakizidi, ubongo unanyamaza, figo zinamwaga. Tunashuku mama alipogonga kichwa, ujumbe ulikatika. Figo zinamwaga tu. Hiyo kiu ndiyo iliyokuwa inamweka hai."

Fundi alitazama viatu vyake. Miaka arobaini ya ufundi, na boya hakuliulizia.

Kufika saa ya saba, midomo ya mkewe ilikuwa imekauka kama karatasi.

"Fundi wangu, tone moja tu. Sista ametoka."

Kwenye mkoba wa fundi kulikuwa na chupa ya maji aliyoijaza mwenyewe asubuhi. Mkono ulishaanza kwenda.

"Nikikupa, kipimo kimeharibika. Hawataijua dawa yako."

"Askari jela wewe! Nyumbani umenifungia, na hapa unanifungia!"

Neno lilimchoma. Alichukua chupa, akaipeleka mezani kwa muuguzi, akarudi kuketi. Mkewe akamkazia macho.

"Na wewe midomo imepasuka na nini?"

"Sijanywa tangu asubuhi."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Mzee mjinga," alisema, akacheka kicheko kikavu. "Kipimo ni changu, kiu iwe yako?" Lakini aliushika mkono wake, na hakuuachia.

Baadaye muuguzi alimpulizia puani dawa inayofanya kazi ya ile homoni. Wakasubiri. Saa mbili zikapita, kikaletwa chombo cha mkojo: kidogo, na rangi ya chai ya rangi. Fundi alikipeleka dirishani, akakiinua kwenye mwanga kama mtu aliyeshika asali.

"Figo zimesikia," muuguzi alisema. "Dawa hii ni ya kila siku, mama. Na sasa unywe kwa kiu, siyo kwa mazoea. Inashika maji, ukiyazidisha, utaugua upande wa pili."

Fundi alikwenda kuchukua chupa yake, akajaza glasi. Kabla ya kumpa, alitoa ufunguo wa tangi mfukoni, akaufumbatisha kiganjani mwa mkewe.

Mama akanywa. Alipofika nusu, akasita, kisha akaitoa glasi mdomoni. Kwa miezi mitatu fundi hakuwahi kuona jambo hilo.

"Malizia."

"Nimetosheka," alisema mkewe, kwa mshangao, kama anayesema jina la mtu aliyepotea. "Shika, unywe na wewe. Usije ukanifia hapa."

Fundi akanywa, machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza hakutafuta pa kuyafungia.