Nafiso Hana Neno

Hasira ya Nafiso ilikuwa na umri mkubwa. Ilianza siku ile Adeer Rage, kaka wa marehemu baba yake, alipowapanga mabinti watatu wa ndugu yake uani pale Griftu, akawagawia tabia kama anavyogawa ngamia sokoni. Rage alikuwa dalali wa mifugo, na wanunuzi walimwamini kuliko macho yao wenyewe. Humtazama ngamia anavyotega sikio na anavyotafuna, kisha hutoa hukumu: huyu mvishe kengele, ataongoza wenzake, huyu anapiga mateke, huyu ni wa mizigo, mpakie utakavyo. Basi akawatazama watoto hivyo hivyo. Shurie, wa kwanza, wa kengele. Ardo, wa pili, wa mateke. Nafiso, kitinda mimba, wa mizigo. Watu wazima wakacheka wakashika mbavu, na tangu hapo ikawa sheria ya nyumba.

Nguo zikinunuliwa, Ardo achague kwanza, asije akazua vita. Mbuzi akichinjwa, Ardo apewe paja na Nafiso ale shingo. Maji yakiisha saa saba mchana, jua limesimama utosini, nani aende kisimani? "Nafiso hana neno," alisema mama yao, Weris, na alisema kwa mapenzi, jambo lililokuwa baya zaidi. Kweli Nafiso hakuwa akisema neno. Alikuwa akiuma meno mpaka taya zinamwuma. Lakini nani atazame taya za mtu ambaye tabia yake ilishajulikana?

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, baada ya ile mvua ya El Nino iliyogeuza nchi nzima kuwa bwawa, Shurie alishikwa na malaria akafa. Malori yalikuwa yamekwama kwenye matope na dawa haikufika. Aliacha mabinti wawili, Ifrah wa miaka mitano na Fowsiya ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, pamoja na mume, Dekow, dereva wa lori kati ya Elwak na Wajir, mtu wa kufoka kwanza na kuuliza baadaye.

Kwao, mke akifa na mkwe akawa mtu anayependwa, wazazi humpa dada wa marehemu, ili watoto wasilelewe na mgeni. Dekow alileta ombi hilo kwa heshima. Aliomba binti wa nyumba ile, hakutaja jina. Kwa umri ilikuwa zamu ya Ardo, ambaye alikuwa na miaka ishirini na sita na wachumba wawili walishamkimbia. Rage hakusita hata dakika.

"Dekow ni moto, na Ardo ni petroli," alisema. "Nafiso ni maji. Mpeni Nafiso."

"Nafiso hana neno," akasema Weris.

Neno alikuwa nalo. Lilikuwa kwenye sanduku lake la bati chini ya kitanda: barua ya kuitwa chuo cha ualimu Garissa, aripoti mwezi wa Mei. Alikuwa amefundisha miaka mitatu bila cheti katika shule ya msingi, kwa ujira wa kuchekesha. Alimpelekea ami yake ile barua. Rage aliigeuza mbele na nyuma, akamrudishia.

"Utafundisha watoto wa dada yako, adeer," alimwambia, na kwa kumwita kwa jina lile lile analomwitia yeye, alifikiri amempoza.

Siku kumi zilipita za maandalizi. Nafiso alifoka moyoni tu. Alimkasirikia Rage, akamkasirikia mama yake, na zaidi ya wote akamkasirikia Ardo. Huyo naye siku hizo alikuwa hashikiki. Alibamiza milango, akagonga masufuria, akamgombeza kila aliyepita mbele yake, na huku kitoto Fowsiya kimelala fofofo mgongoni mwake, kama kilivyolala tangu mama yake azikwe. "Hayo ndiyo mateke," alisema Rage akicheka. Nafiso alimtazama dada yake akafikiri: raha yako, ubaya wako umekuokoa, na upole wangu umeniuza.

Ijumaa baada ya swala ya alasiri, Sheikh Mohamedamin alifika na mashahidi wawili. Wakaketi kwenye mkeka nje ya chumba, na kati yao na Nafiso likaning'inia pazia. Rage alimwinamia sheikh, akanong'ona kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia.

"Uliza tu umalize, Sheikh. Huyu si msemaji."

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Kwa sheria, mwali akiulizwa juu ya ndoa akanyamaza, amekubali, kwa sababu haya humzuia kusema ndiyo. Sheria hiyo ni huruma kwa mwenye haya. Lakini kwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba yeye ni wa kunyamaza, ilikuwa kamba iliyokwisha kufungwa.

"Nafiso binti Mursal," sheikh aliita, "Dekow ameomba kukuoa. Unakubali?"

Kimya. Mama yake alimpapasa goti. Sheikh akauliza mara ya pili. Uani wanawake walianza kukohoa wakisafisha koo tayari kwa vigelegele.

"Si nilikwambia?" Rage alisema.

Alisema kwa sauti ya sokoni, sauti ya mtu aliyempapasa mnyama akajua kila kitu. Damu ilimpanda Nafiso mpaka masikioni.

"Sikubali."

Weris aliondoa mkono gotini kama aliyegusa jiko. Nje, Rage alicheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake.

"Amechochewa," alisema. "Huyo si Nafiso. Mimi namjua, hana tabia hiyo."

"Nimetumwa kuuliza jibu lake, Rage," alisema sheikh. "Tabia yake sikutumwa kuuliza. Amekataa, na limekwisha."

Nafiso alivuta pazia akatoka.

"Adeer, hata ngamia wa mizigo hulalama akipakiwa," alisema. "Wewe unajua, umewapakia maisha yako yote. Mimi mlininyima hata hilo. Mlinipa shingo mkasema naipenda. Mlinituma kisimani mkasema sichoki. Nimewakasirikia tangu nina miaka saba, na hakuna hata mmoja wenu aliyeona."

"Na watoto je?" mama yake aliuliza nyuma yake kwa sauti ndogo. "Hooyo, mwanangu, watoto wa Shurie wana kosa gani?"

Swali hilo lilimchoma, kwa kuwa aliwapenda. Akageuka kuelekea jikoni, na huko akamkuta Ardo amechuchumaa, anasugua sufuria iliyokuwa safi, na Fowsiya mgongoni.

"Haya, furahi," Nafiso alimrukia. "Wewe nani angethubutu kukuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza," Ardo alisema. Hakuinua kichwa. "Hata wewe, abaayo, ndugu yangu. Siku kumi nagonga masufuria, na hata wewe hukuniuliza nina nini."

Nafiso alitazama kile kitoto mgongoni, mikono yake midogo imeshika shuka la Ardo kana kwamba ni la mama yake. Akajisikia vibaya. Alikuwa amemtazama dada yake kwa macho yale yale ya Rage.

Alirudi uani mbio. Sheikh alikuwa tayari anavaa viatu.

"Sheikh, subiri. Yupo ambaye hajaulizwa."

Rage alitoa macho, lakini sheikh alivua viatu tena, akaja mpaka mlango wa jikoni pamoja na mashahidi wake. Akauliza: Dekow akiwa radhi, Ardo atakubali?

Wote walingoja mlipuko. Ardo, ambaye Griftu nzima ilijua sauti yake, aliinamisha uso juu ya sufuria na kunyamaza. Sheikh akauliza tena. Ardo akanyamaza. Mara ya tatu machozi yalidondoka kwenye majivu ya kusugulia, na bado hakusema kitu.

"Amekubali," alisema sheikh. "Nitampelekea Dekow habari."

Rage alikuna ndevu zake, akamtazama huyu, akamtazama yule. Kisha uso ukamchangamka.

"Basi nilizichanganya tabia zao," alisema. "Ardo ndiye wa mizigo. Huyu Nafiso ndiye wa mateke."

Nafiso aliingia chumbani, akalivuta sanduku lake la bati kutoka chini ya kitanda, akapita nalo katikati yao wote mpaka mlango wa nje, akaketi juu yake. Hakusema neno. Safari hii hakuna aliyethubutu kusema kimya kile kina maana gani.