Mama Mkwe na Maharamia

Siku mama mkwe aliponiona nikilia, nilikuwa nimelala ubavu wa kushoto, kijiti cha kuongozea gemu kimeniganda kiganjani. Kwenye kioo cha kompyuta vipande vya chombo chetu cha angani vilikuwa vikielea gizani, vikizunguka polepole na kumeremeta, kana kwamba havina haraka ya kufika popote. Shehena yote ya dawa ilikuwa imepotea. Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya kitanda, ungo wa mchele mapajani, kidole kimesimama katikati ya kuchambua.

"Ni mchezo tu," alisema.

Nikazidi kulia.

Mimba ile ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka kabla majirani hawajazishtukia, na hii ilipoanza kuleta dalili zilezile daktari akaniambia nilale. Hakusema nipumzike, alisema nilale: niende msalani, nirudi, basi. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nimezoea benchi, taa na vumbi jeupe la plasta, na naweza kusugua jino moja asubuhi nzima mpaka lifanane na jirani yake. Sasa mikono ilikuwa haina kazi. Nilikunja na kukunjua ncha ya shuka mpaka ikalegea nyuzi.

Mume wangu hutengeneza lifti za majengo marefu. Alitoka asubuhi na mapema na kurudi jioni akinuka grisi, akanikuta nilipo, akaniuliza siku yangu imekwendaje, nami nikakosa la kumwambia. Ndipo akaleta kompyuta kuukuu aliyopewa kazini, akaiweka juu ya stuli karibu na mto wangu.

"Ina gemu moja tu," alisema. "Aliyenipa anasema haina mwisho."

Alilisema hilo kama sifa. Nilikuja kugundua kwamba lilikuwa pia onyo.

Gemu lenyewe lilianza hivi: unapewa chombo kimoja cha angani, kidogo na kibovu, bunduki isiyoweza kumtisha mtu, na anga nzima. Hakuna anayekutuma. Hakuna anayekwambia adui ni nani wala ushindi ni nini. Ukitaka, unanunua bidhaa kwenye kituo kimoja na kuziuza kwenye kingine. Ukitaka, unakuwa jambazi. Ukitaka, unaelekeza pua ya chombo kwenye nyota yoyote na kwenda tu kuona kuna nini. Mimi niliyekuwa naomba ruhusa ya kukaa kitako nilipewa nyota nyingi kiasi hicho, na sitasahau jinsi kifua kilivyonifunguka.

Halafu nikajaribu kutua. Kituo kilikuwa kinazunguka, na mlango wake ni ufa mwembamba unaozunguka nacho. Lazima uzunguke sawasawa nao ndipo uingie. Niligonga ukuta, nikapasuka, nikaanza upya, nikagonga tena. Na ukishaingia, kituo ni kilekile ulichotoka, kimebadilishwa jina. Safari zilikuwa ndefu na tupu. Mara nyingine nilitaka kuitupa kompyuta dirishani, ila daktari alikuwa amenikataza kuinua vitu vizito.

Mama mkwe alikuja mwezi wa nne wa mimba ile. Alikuwa ameuza vitunguu kwa jumla karibu maisha yake yote, mpaka magoti yalipomkatalia. Alifika na begi moja, akaitikia shikamoo yangu, akaingia jikoni na kuosha upya sufuria ambazo mwanawe alikuwa ameziosha. Hatukuwa tumegombana kamwe. Tulikuwa hatujazoeana tu, na ukimya wake niliupa tafsiri yangu mwenyewe: kwamba mwanawe ameoa mwanamke asiyeweza kufikisha mimba, na sasa amelala kitandani anacheza.

"Umekula?" aliuliza kila mchana.

"Nimekula, mama."

Basi. Kisha anakaa kwenye kiti na kazi yake ya mikono, mimi narudi angani.

Nilidhani haangalii. Siku moja akauliza, bila kuinua uso, "Hii inaisha lini?"

"Haiishi, mama."

"Kama vyombo vya jikoni."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anamenya viazi, uso mkavu kabisa, lakini pembe ya mdomo ilikuwa imemsaliti. Nikacheka mpaka nikashika tumbo, naye akaniambia nicheke polepole, nisije nikamtikisa mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote nyumbani mle kuthubutu kutamka neno mtoto.

Kesho yake alivuta kiti karibu.

"Umebeba nini humo?"

"Vyuma."

"Unavipeleka wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hapo si ndipo wanapochimba? Nani atanunua vyuma kwa mwenye machimbo?" Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Mkwe, wewe una mikono mizuri, lakini biashara hujafundishwa."

Kuanzia hapo tukagawana kazi. Mimi niliendesha na kupigana, yeye alisimamia soko. Alisoma bei kwa kukunja jicho moja, akasema, "Chukua nguo, peleka kule kwa wakulima," na ikawa hivyo. Alikumbuka kituo gani kilikuwa na njaa ya nini, kama anavyokumbuka wateja wake. Kilichomkera ni kwamba bei hazishuki hata umbembeleze vipi. "Soko gani hili halina mtu?" alilalamika. "Unanunua, unauza, hata salamu hakuna." Basi akawa anawasalimia mwenyewe. Tukikaribia kituo alisema hodi, tukitoka aliwaaga.

Tulikosana juu ya jambo moja tu. Maharamia wakitutokea, ungeweza kudondosha sehemu ya mzigo, wakauokota na kukuacha. Mama alitaka tudondoshe kila mara. Alikuwa ameishi sokoni, alijua kuna siku unampa mtu ili upite. Mimi sikutaka. Mapigano ndiyo yaliyonipa raha kuliko vyote: kukipindua chombo, kumtafuta adui, kumpata katikati ya alama ya shabaha. Mwili wangu wote ulikuwa chini ya amri za watu. Pale nilikuwa nafanya nipendavyo.

Safari ya dawa tuliipanga siku kadhaa. Kituo cha mbali, soko lenye kiu, chombo chetu kipya kilichojazwa mpaka mlangoni. Gemu lile lilihifadhi mchezo ukiwa umetua na kuliamuru tu, nasi kwa wiki nyingi tulikuwa tumeiacha kompyuta ikiwaka bila kuliamuru, na tulikuwa njiani muda mrefu, tukiruka nyota baada ya nyota bila kupumzika. Karibu tufike, wakatutokea watatu.

"Dondosha nusu," mama alisema.

"Nawaweza."

"Mkwe, dondosha."

Nilimpiga mmoja. Wa pili alinipita juu. Wa tatu sikumwona kabisa.

Nilipoanza kulia, yeye alidhani ni kwa ajili ya dawa, ndiyo maana akasema ni mchezo tu. Nami nilitaka kumwambia ndiyo, mama, ni mchezo. Lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Hakuna ninachokibeba kikafika," nilisema. "Hakuna hata kimoja."

Akauweka ungo chini. Nilisikia magoti yake yakilia alipoinuka, kisha godoro likazama upande wa miguu yangu. Akautazama mlango.

"Kabla ya mumeo nilikuwa na wengine wawili," alisema. "Wa kwanza hakufika. Wa pili alifika, akakaa siku chache. Hata mwanangu hajui."

Nikauweka mkono wangu karibu na wake.

"Niliulizwa nimekula nini, nimebeba nini, nimekwenda wapi. Kila mtu alikuwa na neno. Nikarudi sokoni, nikauza vitunguu, maana kwa vitunguu hakuna anayekuuliza kwa nini unatoa machozi." Alipumua. "Ulipolala hapa nikasema moyoni, huyu mimi simwongezei maneno. Nitakaa naye tu. Sikujua kama unauona ukimya wangu ni ubaya."

"Nilidhani umenichoka, mama."

"Nikuchoke kwa lipi? Safari hizi zimeninyima hata usingizi wa mchana."

Nikacheka huku kamasi zikinitoka, naye akanipa ncha ya kanga yake nijifute. Kisha akakikabili kioo, ambacho sasa kilikuwa kimeturudisha nyuma kabisa, kwenye kituo tulichokuwa wiki nyingi zilizopita, na kile chombo kibovu cha zamani.

"Hapa wanauza nini?" akauliza.

Tukanunua nafaka.

Hatukuwahi kutajirika tena kama mwanzo. Gemu lilibaki vilevile, vituo pacha, safari ndefu, maharamia wasio na haya. Lakini siku zilipata umbo. Nikiamka nilikuwa najua tunakwenda wapi. Tumbo likakua mpaka likawa linanizuia kuona herufi za chini, na mama akawa ananisomea. Mara nyingine tulidondosha mzigo, mara nyingine tulipigana, kutegemea nani alikuwa amelala vizuri. Mume wangu alirudi jioni moja akatukuta tunabishana juu ya bei ya manyoya, akasimama mlangoni na viatu vyake mkononi.

Binti yetu alitolewa kwa upasuaji, mdogo, mwekundu, mwenye hasira na dunia. Aliyekuja kuniambia kwamba analia vizuri ni mama. Aliingia kabla ya muuguzi kumruhusu, akaambiwa atoke, akatoka pale alipomaliza kusema.

Mtoto huyo sasa amenizidi urefu, na bibi yake hayupo tena. Watu hunipa pole nikiwaambia miezi ile yote nililala. Huwa siwezi kuwaeleza vizuri. Ninaishukuru miezi hiyo, hata saa zile za kugonga ukuta.

Siku mama aliyorudi kwake nilisema nitamsindikiza mpaka kituo cha basi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje kwa miguu yangu. Jua lilikuwa kali, barabara ikinuka lami na vumbi, na mume wangu alitangulia na begi begani na mtoto kifuani.

"Asante, mama," nilimwambia.

"Ya nini?"

"Ya kukaa."

Akanishika mkono juu ya kiwiko, tukaenda taratibu, kwa sababu yeye alikuwa na magoti na mimi nilikuwa na mshono.