Waliofunga na Waliofungwa

Faraja alirudi Malawi kutoka ng'ambo, akaja kwenye kambi ya wakimbizi anaendesha gari mwenyewe, na hilo ndilo lililomshangaza Siti kuliko yote. Miaka kumi na mbili nyuma Siti alimsindikiza binti yake huyo kupanda basi la kwenda uwanja wa ndege, analia, hajui hata kufunga mkanda wa kiti. Sasa alikuwa ameegesha gari la kukodi mbele ya nyumba yao ya matofali pale Dzaleka, na kando yake ameketi msichana mrefu wa miaka kumi na mmoja, Nicole, mjukuu ambaye Siti alikuwa akimwona kwenye simu tu.

Siti aliwapikia wali na samaki. Nicole alikula vijiko vitatu, akatabasamu kwa adabu, akasogeza sahani.

"Mama, tutatembea siku mbili," Faraja alisema. "Leo tutalala Lilongwe, kesho tunaenda Nkhotakota. Nicole iko na kazi ya masomo. Banajifunza juu ya wazungu ba zamani benye balipita huku. Makaburi yao, kanisa yao, njia zao."

"Na mi nitafanya nini kule?"

"Utakuwa na sisi."

Jibu hilo lilimtosha. Alikwenda ofisini kuomba ruhusa ya kutoka kambini, akapewa karatasi ya siku mbili inayokwisha saa kumi na moja jioni. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Mjini Lilongwe walipita Old Town kununua maji na mkate, wakalala katika nyumba ya kupanga kwenye mtaa wa Area 49, yenye vyumba vitatu. Kila mmoja alipewa chake. Siti alikuwa amedhani mtoto angelala naye.

Alfajiri walishika barabara ya Salima. Siti alikaa nyuma peke yake. Kila Faraja alipotaka kuwasha taa za kukata kona, aliwasha vifuta kioo, kwa maana kule anakoishi magari yana usukani upande wa pili. Vifuta vikakwaruza kioo kikavu. Nicole alicheka, akasema jambo kwa Kiingereza, mama yake naye akacheka mpaka akapangusa macho. Siti akacheka pia, nyuma yao kidogo, asijue walichokicheka.

Nkhotakota walianza na kanisa la wamisionari. Nicole alipiga picha kila kaburi, akainama kusoma majina na miaka. Siti aliwahesabia umri kimoyomoyo. Walikuwa vijana. Aliwaza mama zao, huko walikokuwa, barua ilichukua miezi mingapi kuwafikia.

Kisha mtu wa kuwaongoza wageni akawapeleka kwenye mti mkubwa ambapo, alisema, mzungu msafiri alikaa kuongea na Jumbe, Mswahili aliyetawala mji ule na biashara yake ya pembe na watu. Watu waliletwa hapa wamefungwa, wakavushwa ziwa, wakapelekwa pwani. Faraja alimtafsiria mama yake vipande vipande.

"Njo kama kwetu Kongo, kule Kindu," Siti alisema. "Bantu ba misafara balijenga mji, bakaacha lugha na dini."

Faraja alimgeukia mtoto, akampa maneno hayo. Nicole aliangalia mti, akamwangalia bibi yake muda mrefu kuliko wakati wowote tangu afike, kisha akauliza swali.

"Anasema nini?" Siti aliuliza.

Faraja alisita, kisha akamwita bibi kama ambavyo mtoto angemwita. "Anauliza, koko, bantu ya kwenu balikuwa benye kufunga ao benye kufungwa?"

Siti hakukasirika. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo hilo, na jibu alikuwa nalo tangu utoto.

"Mwambie bote babili. Mwambie tate yangu..."

Alikuwa ameanza habari za babu yake, lakini Faraja alikwisha kumgeukia mtoto. Alisema neno moja tu, *traders*, na neno hilo Siti alilijua. Lilikuwa limeandikwa kwenye kibanda cha jirani sokoni. Wafanyabiashara. Nicole akaliandika kwenye simu yake.

Wakati wa kurudi mtoto alichoka, akahamia kiti cha nyuma. Kabla hawajafika mbali, kichwa chake kilikuwa begani kwa Siti, amelala. Siti alimtazama utosi, mstari mweupe katikati ya nywele zilizosukwa, akaanza kumwambia polepole.

"Baba ya tate yangu alitembea na misafara, iko na bunduki. Njiani alichukua binti moja kwenye kijiji chenye balichoma. Akamuleta Kindu, akamuoa. Jina lenye mama yake alimupa, hakuna mutu alilikumbuka. Pale nyumbani balimuita Faraja."

Faraja alinyoosha mkono, akazima redio.

Siti aliendelea. Alisema mama huyo alizaa watano, alisali, alipika vizuri, na hakupenda kukaa akiupa mlango mgongo. Alipomaliza, Faraja alimtazama kwenye kioo.

"Mama, mbona haukuniambiaka?"

"Haukuniulizaka."

"Papa alijua?"

"Baba yako Chabani njo alichagua jina. Alisema, angalau Faraja moja alipwe heshima."

Faraja alipangusa shavu kwa kiganja. Vifuta kioo viliwaka, akavizima. "Nitamwambia Nicole akikomaa."

"Sawa," Siti alisema. Alijua ni mambo mangapi yanayosubiri watoto wakomae, kule mbali, mpaka mwenye kuyasimulia anaondoka duniani.

Walifika Dzaleka saa kumi na nusu. Ndege yao ilikuwa kesho yake. Faraja alimkumbatia kwa nguvu. Nicole, macho bado na usingizi, alisema, "Kwaheri, koko," maneno aliyofundishwa, nayo yakatoka vizuri. Gari likarudi kinyumenyume hadi barabarani, vumbi likatulia.

Jirani, Mama Bukeyeneza, alikuwa akianua nguo.

"Mama Faraja, mulitembea bien, muzuri?"

"Bien."

"Muliona nini kule?"

Siti alifikiri. Jirani alisimama na shuka mkononi, akingoja.

"Makaburi ya wazungu," alijibu, akaingia ndani kuosha sahani za jana.