Mashini ya Majina ya Batoto

Mi natengeneza kompyuta, na nimechoka na mashini za vita. Zinanifikia hapa Baraka zimejaa mchanga na mavi ya mende, na mwenyewe anasimama pale akiapa haijaguswa na muntu. Hiyo ya kamati ya makanisa ilikuwa na virusi tangu juma lililopita. Ukifungua, folda zote zinaonekana tupu. Na ndani yake mlikuwa na majina ya batoto mia tatu baliopotezana na bazazi babo katika kukimbia vita, na kwa kila jina, mahali mutoto alipo: Mboko, Fizi, ama ng'ambo kule Kigoma. Nakala nyingine hakuna. Kamati nzima basomi batupu, lakini hakuna aliyewaza kuandika hata kwenye daftari.

Ilikuwa 2009. Vita vilikuwa vimeisha kwenye redio.

Bonaventure, katibu wa kamati, alitaka nifute kila kitu, niweke Windows mpya upesi. Nikamwambia Windows yake itashika virusi tena kabla ya Jumapili. Mi naweka Linux, isiyoshika virusi hivyo, na sifuti kitu mpaka nijaribu kutoa majina. Akakunja uso. Akasema nisijisumbue, majina yamekwenda. Alirudia mara mbili. Nilidhani ni uchovu tu. Nani hajachoka?

Nilifanyia kazi kwenye biro ya kamati, ofisi yao, na kwenye benchi ya mlangoni alikaa mama mmoja wa milimani, Nyirakamana, siku ya tatu sasa. Alishuka peke yake kwa mguu, kwa njia za porini, kumutafuta binti yake Mugwaneza, wa miaka tisa. Kila asubuhi Bonaventure alimwambia mashini iko mugonjwa, angoje. Naye alingoja, hata maji hanywi mpaka umshurutishe.

Niliwasha jenereta, nikatia CD. Uzuri wa Linux, inaweza kuamka kutoka kwenye CD yenyewe bila kugusa diski ya ndani. Ila inaamka polepole, unaweza kwenda shamba kuchuma majani ya sombe ukarudi. Ilipoamka nikafungua diski ya zamani, na folda zote zilikuwamo. Virusi ilizificha tu machoni pa Windows, na Linux haijali maficho ya namna hiyo. Nikanakili yote kwenye flashi, nikahakikisha yanafunguka, ndipo nikairuhusu Linux ijiweke kwenye diski. Lugha, Kifaransa. Saa, ya Lubumbashi. Kufuta diski nzima, ndiyo. Mstari ukaanza kutembea kwenye kioo.

Wakati unatembea nikafungua orodha kwenye flashi, nimpe mama yule habari njema. Mugwaneza hakuwamo. Nikatafuta kwa jina la mama yake, hakuna. Chini palikuwa na faili nyingine ndogo, Bonaventure ameiita "Kuita familia kwanza". Majina kumi na moja. La nne lilikuwa la Mugwaneza. Mboko, kafa kwa kolera, mwezi wa pili.

Nikaifunga faili. Kwetu habari ya kifo haiambiwi muntu peke yake, sembuse mama mzazi. Unaita ndugu zake, wanakaa naye chini, ndipo mmoja anasema. Bonaventure alilijua hilo kama mimi. Ila barabara ya milimani ilifungwa na bunduki, na ndugu za Nyirakamana hawakuweza kushuka.

Nilimkuta Bonaventure nyuma ya biro. Nilikasirika. Nikamuuliza, mashini yangu ndiyo ibebe uongo wake?

"Émilienne, mi sina muntu wa kumukalisha naye," akasema. "Nilituma barua mara mbili kwa ndugu zake, hazikujibiwa. Alipofika akakuta virusi imeingia, nikashukuru Mungu. Nikasema, afazali aikasirikie mashini."

Nilitaka kumchukia nikashindwa, na hilo lilinichosha kuliko kazi yote ya siku ile.

Niliporudi, Nyirakamana alikuwa amesimama mbele ya mashini, anatazama mstari ukifika mwisho.

"Imepona?"

"Imepona, mama."

"Basi uniangalilie mutoto wangu."

Nikamwomba akae kidogo. Nikavuka barabara hadi kwa Florentine, anayeuza chakula, fufu na visamaki vya ndagala. Florentine hapendi bantu ba milimani. Kaka yake aliuawa Lubondja, na yeye anajua, ama anadhani anajua, ni nani wa kule juu alimuua. Nikamweleza kuna mama amefiwa na mutoto, wa kule juu, hana ndugu wa kukaa naye. Akanitukana mimi, akaitukana kamati, akaitukana hata Linux asiyoijua. Halafu akaosha mikono, akabeba mukeka wake, akamwita na jirani yake Godelieve.

Nyirakamana alipotuona tunaingia na mukeka, alijua. Kwao pia ndivyo wanavyofanya. Alitutazama mmoja mmoja, bamama batatu ba Kibembe, si ba kabila lake, asiobajua.

"Bandugu yangu ni nyinyi?" akauliza.

Florentine akatandika mukeka. "Leo ni sisi. Ikala, mama."

Tukakaa magoti yakigusana. Nikasema jina la mutoto, na Mboko, na kolera. Florentine ndiye aliyelia wa kwanza.