Mwaka wa Kuletewa Mkate

Mama mkwe wangu Aleyamma alikuwa mtoaji hodari, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake.

Kwetu, nyumba iliyofiwa haipiki mkate wa mchele wa usiku wa Alhamisi Kuu mwaka ule. Inakaa na kusubiri majirani wailetee. Tangu niolewe katika nyumba hii, Mama ndiye aliyetangulia kufika kwenye milango ya wafiwa, nguo nyeupe pee, shingo juu, sahani imefunikwa kwa jani la mgomba. Tatizo ni kwamba alipeleka mkate pamoja na maoni yake. Jirani yetu Sosamma alipofiwa na mumewe, Mama alimpelekea, akamwambia mlangoni mbele ya ndugu waliokuja kuomboleza, "Kula, Sosa. Angalau mwaka huu mtaonja mkate ambao mchele wake umesagwa vizuri." Sosamma aliupokea, akashukuru, na tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kwa kukohoa tu.

Sasa zamu ikawa yetu. Baba Ittoop, baba mkwe wangu, alitutoka muda mfupi kabla ya Krismasi. Mume wangu alikuja kumzika, akarudi Kuwait kazini, tukabaki wanawake wawili katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu.

Asubuhi ya Alhamisi padri aliwaosha watu miguu kanisani, akahubiri juu ya Petro aliyekataa kuoshwa na Bwana. Njiani kurudi nyumbani Mama alikuwa anamtetea Petro.

"Hata mimi ningekataa. Miguu yangu naiosha mwenyewe."

"Lakini mwishowe si alikubali, Mama?"

"Alibanwa. Angefanyaje?"

Mchana nikaingia jikoni kutafuta nazi, nikakuta bakuli limefunikwa nyuma ya mtungi. Nikafunua. Mchele na choroko, vimeshasagwa pamoja na nazi na vitunguu vidogo. Hakuna anayesaga vitu hivyo siku hiyo isipokuwa kwa kazi moja.

"Mama, hii ni nini?"

"Una macho, Lissy."

"Lakini tumefiwa!"

"Na wasipokuja? Tukae na sahani tupu kama ombaomba?"

Nilishtuka kweli. Nyumba yenye msiba kujipikia mkate ule ni sawa na kutangaza kwamba hakuna aliyekufa humo. Ni kumkana Baba. Nikamwambia watakuja, lakini mwenyewe sikuwa na hakika. Wiki nzima wanawake walikuwa wakinidaka sokoni: mama mkwe wako anapenda mkate mgumu au laini? Anataka jira nyingi au kidogo? Nikijibu wanatazamana, wanameza mate. Nani alikuwa tayari kupika mkate ukaonjwe na Aleyamma?

Jua likazama. Tukawasha taa, tukasali, tukakaa. Harufu ya mvuke wa mchele na nazi ilikuwa inatoka katika kila jiko la jirani, na kwetu hakuna aliyebisha hodi. Mama alivumilia, alivumilia, halafu akainuka akabandika sufuria.

"Leta jani la mgomba."

"Sileti."

"Umesemaje?"

Sikuwa nimewahi kumjibu Mama hivyo. "Baba amefariki, Mama. Tumefiwa. Basi tukubali kwamba tumefiwa."

Nilidhani atanifukuza jikoni. Badala yake akakaa kwenye kigoda, mfuniko wa sufuria mkononi, akaanza kulia. Makaburini hakulia mbele ya watu. Sasa alilia kwa sauti, kamasi zikamtoka, wala hakujali.

"Hawatakuja, Lissy. Na mimi ningekuwa wao nisingekuja."

Nikapiga magoti kando yake. Alichosema kilikuwa kweli. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo alete mtu, yeyote, hata mwenye mkate mbichi.

Hodi ikabishwa mlango wa jikoni. Alikuwa Sosamma, sahani mikononi. Macho yake yalikwenda kwa Mama, kwa sufuria, kwa bakuli la mchele uliosagwa. Aliona yote. Nikatamani ardhi inimeze.

Akaweka sahani mezani, akafunua.

"Umepasuka katikati," akasema. "Moto ulinizidi. Na msalaba wa Jumapili ya Matawi niliouweka juu yake umekaa upande. Haya, sema yote sasa hivi nikiwa hapa, nisije nikayasikia kesho kanisani."

Mama alijifuta uso kwa upindo wa nguo. "Nilitaka kujipikia, Sosa."

"Naona."

"Nilijua hakuna atakayekuja."

"Hata mimi nilijua siji. Nimefika langoni kwenu nikageuka, nimefika tena nikageuka. Hao wenzangu mikate imeshaiva wamekaa nayo, kila mmoja anangoja mwingine atangulie akatukanwe."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Mama akanitazama kwa ukali, kisha mabega yake mwenyewe yakaanza kucheka, machozi bado shavuni.

"Lile neno mlangoni kwako," akasema alipotulia. "Siku ile. Nisamehe."

Sosamma akaunyoosha ule msalaba juu ya mkate. "Nimekusamehe leo, wakati nasaga mchele. Kabla ya hapo, hapana."

"Umeshakula kwako?"

"Nile na nani? Binti yangu yuko Ujerumani."

"Basi utakula nasi."

Nikaleta tui la nazi na sukari guru. Tukasimama kuizunguka meza. Kwa desturi mwenye umri mkubwa kuliko wote mezani ndiye anayemega, na miaka yote alikuwa Baba. Nilimsukumia Mama sahani. Kijiji kizima kinajua Sosamma amemzidi mwaka mmoja, na kijiji kizima kinajua Mama hajawahi kulikubali hilo. Hata benchi la mbele kanisani alilichukua kwa hoja kwamba yeye ndiye mkubwa.

Mama akaisogeza sahani mbele ya Sosamma.

"Mega wewe. Wewe ndiye mkubwa."

"Tangu lini?" akauliza Sosamma.

"Tangu uzaliwe. Mega, tusilale hapa."

Sosamma akamega kwenye ule ufa, akachovya katika tui. Mama akanyoosha mikono yote miwili, ikiwa wazi, kama tunavyopokea komunyo kwa padri. Mikono ile niliizoea ikitoa tu. Nikavuta pumzi ya kwanza iliyokamilika tangu tumzike Baba.

Akatia mkate mdomoni. Akatafuna polepole, macho kwenye dari, kama anavyofanya kabla ya kutoa hukumu. Sosamma akakunja mikono, tayari.

Mama akameza, akanyoosha tena mikono.

"Nipe kingine."