Ungo, Mfuniko na Jua la Mei

Tarehe 21 Mei 2031 jua litapatwa kipete, na ukanda wa pete hiyo utapita nchini kwetu. Nilimsomea mke wangu Yunis habari hiyo barazani, hapa Malindi ya milimani, si ile ya pwani, naye akichambua maharage.

"Pete ya nani?" akauliza.

Jiografia niliisoma shule ya jioni nikiwa na miaka arobaini, kwa hiyo swali kama hilo siliachi lipite. Nikatundika ungo ukutani.

"Hilo ni jua. Mfuniko huu wa sufuria ni mwezi." Nikauweka karibu na uso wake. "Mwezi ukiwa karibu nasi, unaziba jua lote. Unaona nini?"

"Giza."

"Vizuri. Lakini njia yake si duara kamili. Kuna siku unakuwa mbali zaidi, unaonekana mdogo, ukingo wa jua unabaki nje."

Nikarudi nyuma hadi karibu na ungo. Kabla sijauinua mfuniko, Yunis akasema, "Naam, naiona pete. Nzuri."

Mfuniko ulikuwa bado mgongoni kwangu.

Hapo nikaelewa mawe niliyokuwa nikiyatafuna kwenye maharage. Tangu muuguzi amwambie ana mtoto wa jicho, mwaka wa pili sasa, amekuwa akisema anaona vya kutosha, hapasuliwi.

"Mama Martin, mwezi ninao mgongoni."

Akapitisha vidole ndani ya maharage. "Nilitaka ufurahi, mgosi wangu."

"Nifurahi na meno yamebaki sita?"

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akauliza, "Pete hiyo ikinipita, itarudi lini?"

"Ikirudi hapa, mimi na wewe hatupo."

"Basi nipeleke wakanipasue. Ukiwa umenidanganya, narudi kwetu Rangwi."

Wiki tatu baada ya kupasuliwa jicho la kwanza, ungo aliutundika mwenyewe. "Haya, mwalimu. Leta mwezi wako."

Nikainua mfuniko usoni pake, nikaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua.

"Simama hapo hapo," akasema. Akatazama muda mrefu. "Imezunguka yote."

Mkono ulikuwa unaniuma, ila sikuushusha.

"Baba Martin, nilipokuwa sioni, huo mwezi alikuwa anausugua nani?"

"Mimi."

"Inaonekana. Mfuniko una masizi ya mwaka mzima." Akavuta sinia la maharage niliyoyachambua asubuhi, akatoa mawe matatu, akayapanga mbele yangu. "Na miwani maalumu ya kutazamia jua tuitafute mapema. Macho yaliyonipeleka kwenye kisu siyaaniki juani hivi hivi."